Tozo Mpya ya Kaunti: Uandamane, Uandike Maoni au Uende Kortini?

Mswada wa Fedha wa kaunti huja kila mwaka, na ukija na ada mpya watu wa Malindi hugawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema twende barabarani. Wapo wanaosema tuandike, tuwapelekee wawakilishi wadi, tusikilizwe kwa utaratibu. Na wapo waliochoshwa na yote mawili, wanaotafuta wakili. Kwa mchuuzi wa sokoni, dereva wa tuktuk au mvuvi wa Mayungu, kila njia inamla siku ya kazi, kwa hiyo kuchagua vibaya ni hasara ya kweli.

Hapa nimeziweka njia hizo tatu bega kwa bega, kwa vigezo vilevile. Kimoja kati ya vigezo hivyo vikao vyetu hukisahau hadi kesho yake redio inapofunguliwa: vyombo vya habari vitakuonyesha vipi. Mimi nakipa uzito mkubwa, kwa sababu ndicho kinachoamua kama itakayojadiliwa ni tozo au utakayejadiliwa ni wewe.

Vigezo vyenyewe

Kabla ya yote, jua tozo ni ya nani. Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kimeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, ada za huduma inazotoa, na kodi nyingine yoyote itakayoruhusiwa na sheria ya Bunge. VAT ya mafuta ilipopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, uamuzi ulitoka Nairobi. Kumfokea mwakilishi wadi kwa jambo hilo ni kupoteza sauti bure. Lakini leseni ya kibanda, ushuru wa soko, ada ya samaki na stika ya maegesho, hayo ni ya hapa nyumbani.

Kigezo cha kwanza ni wakati. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na Mswada wa Fedha, ule wenye majedwali ya ada, hutakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Kwa kawaida hiyo ni Julai hadi Septemba. Cha pili ni gharama na hatari: pesa, siku za kazi, na mwili wako. Cha tatu ni nguvu, yaani kuna mtu anayelazimika kutii? Cha nne ni sura habarini. Cha mwisho, njia inamfaa nani.

Maandamano

*Wakati.* Maandamano hufanya kazi vizuri mswada ukiwa bado mezani na kura haijapigwa, au ikiwa imepigwa na sahihi bado. Mfano ambao hakuna Mkenya asiyeukumbuka ni Juni 2024. Mswada wa Fedha wa kitaifa ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka na nyongeza ya ushuru kwa mafuta ya kupikia. Vijana waliingia barabarani Juni 18. Juni 25 wakaingia Bunge. Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Siku nane. Sijaona memoranda (maoni ya maandishi) wala kesi iliyomaliza jambo kwa kasi hiyo.

*Gharama na hatari.* Kasi hiyo ililipiwa. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai mwaka huo. Anayekwambia maandamano hayana gharama kwa sababu hayalipiwi ada, hajakaa na familia iliyozika.

Kisheria, kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inakutaka umpe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa iwe na jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni) na njia mtakayopita. Hii ni taarifa, si ombi la ruhusa. Polisi wanaweza kukwambia kuwa siku hiyo mahali hapo kuna shughuli nyingine iliyotangulia, na wanaweza kuzuia pakiwa na hatari ya wazi, lakini hawana kibali cha kukuuzia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Jua pia kwamba mwandalizi, au wakala aliyemruhusu, anatakiwa awepo mwanzo hadi mwisho. Wale wanaoweka jina la mtu aliyeko Mombasa wanajitafutia balaa.

Ukikamatwa, kifungu cha 49 kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Una haki ya kunyamaza na haki ya wakili. Pwani, mashirika ya haki za binadamu ya HAKI Africa na MUHURI yamezoea simu za aina hii. Nambari ya mwanasheria iandikwe kabla ya kutoka nyumbani, si baada ya simu kuchukuliwa.

Lamu ni habari nyingine. Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, hauwezi kubeba msafara bila ya punda na mikokoteni kukwama, na kaunti ile imeishi na operesheni za usalama na amri za kutotoka nje tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, hivyo mkusanyiko wowote hutazamwa kwa jicho la pili. Kwa watu wa Amu, yaani mji wa Lamu, kukusanyika Mkunguni mbele ya ngome kwa saa moja, mabango mikononi na wazee wa mitaa mbele, kunatosha. Msafara wa mchana kutwa unaongeza hatari kuliko unavyoongeza sauti.

*Nguvu.* Kisheria, hayamlazimishi yeyote. Nguvu yake ni hofu ya mwanasiasa kwa kura yake na kwa picha yake. Hofu hiyo hupoa. Desemba 2024 baadhi ya mapendekezo ya mswada ule ulioanguka yalirudi kwa mlango mwingine, kupitia sheria ya marekebisho ya sheria za ushuru, na barabara zilikuwa tupu.

*Sura habarini.* Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Mekatilili wa Menza alipozunguka kaya za Wagiriama mwaka 1913 akicheza kifudu na kuwaapisha watu wasilipe kodi ya nyumba wala wasitoe vijana kwa kazi za Waingereza, sehemu kubwa ya maandishi ya wakati ule juu yake ilitoka kwa ofisa Arthur Champion, ambaye ndiye aliyetumwa kukusanya kodi hiyo na kutafuta wafanyakazi hao. Aliyepingwa ndiye aliyekuwa mwandishi wa habari. Mekatilili alikamatwa, akapelekwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola, akatoroka na kurudi. Leo sanamu yake iko hapa Malindi na wanasiasa wa kila chama hupiga naye picha. Lakini mwaka ule, kwenye karatasi za serikali, alikuwa mchochezi tu.

Mambo yamebadilika kuliko tunavyokiri, ila utaratibu wa ndani una mfanano. Mwandishi wa eneo mara nyingi halipwi mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotoka. Habari bila picha haitoki. Tairi linalowaka ni picha. Mama mwenye risiti kumi za ushuru wa soko si picha, hadi umfanye awe. Kwa hiyo watu mia mbili wakitembea kwa utulivu na vijana wanne wakachoma tairi pale kwenye mzunguko, jioni utaona tairi. Si lazima mwandishi awe na chuki nawe, anauza kinachonunuliwa.

Pili, angalia ni nani anayenukuliwa kwanza. Kamanda wa polisi ana msemaji, gavana ana idara nzima ya mawasiliano, nyinyi mna kelele. Mwandishi mwenye dakika kumi kabla ya taarifa ya habari humpigia mwenye jibu tayari. Teueni watu wawili wa kusema, mmoja mwanamke wa sokoni, wajue ada ya zamani ni ngapi, mpya ni ngapi, na inaingia vipi katika faida ya siku. Wengine wote wawaelekeze waandishi kwa hao wawili. Nambari moja inayorudiwa na watu wawili hushinda matusi ya watu hamsini.

Tatu, jina la mwanasiasa. Maandamano ya Azimio, muungano wa upinzani, ya Machi 2023 juu ya gharama ya maisha yaliripotiwa kama maandamano ya Raila Odinga, na waliopinga walipinga Raila, si bei ya unga. Mwaka 2024 vijana walikataa kiongozi, chama na kabila, na kwa wiki kadhaa vyombo vikalazimika kusoma mswada wenyewe hewani, kifungu kwa kifungu. Sijaona somo kubwa kuliko hilo kuhusu habari na kodi nchini Kenya. Kasoro yake ilijitokeza baadaye: hapakuwa na mtu wa kukaa naye mezani, na kila aliyejitangaza msemaji aliitwa msaliti.

Nne, kuna siku ambazo vyombo vyenyewe hufungwa mdomo. Januari 2018 NTV, KTN na Citizen zilizimwa Raila alipojiapisha. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Na Machi 2024 serikali ilielekeza matangazo yake ya kulipia yaende KBC. Redio ndogo inayoishi kwa matangazo, yakiwemo ya kaunti, haihitaji kupigiwa simu ya vitisho ili ijue mipaka yake. Asiye na mwana aeleke jiwe: mteue kijana mmoja arekodi kuanzia mwanzo wa msafara hadi mwisho bila kukata, simu ikiwa imelazwa, akitaja tarehe na mahali. Video nzima huokoa watu pale kipande cha sekunde ishirini kinapozunguka WhatsApp.

*Inamfaa nani.* Kundi kubwa lenye jambo moja linaloelezeka kwa sentensi moja, lenye viongozi wanaotii wanachofundisha, na ambalo tayari limejaribu kuandika likapuuzwa. Haimfai mtu anayeuza kwa mtaji wa mkopo wa chama na siku tatu ndani zitamfilisi. Huyo asaidie kwa njia nyingine na asionewe aibu.

Maoni ya umma na ombi bungeni

*Wakati.* Mapema. Kuanzia tangazo la vikao vya maoni hadi kamati ya fedha iandike ripoti yake. Hilo ni dirisha dogo, na tangazo mara nyingi huwa kwenye gazeti ambalo mchuuzi hanunui. Mtu mmoja kwenye kikundi chenu awe na kazi ya kuulizia karani wa bunge kuanzia Julai. Wa Malindi tuna bahati, kwani Bunge la Kaunti ya Kilifi liko hapahapa mjini, ingawa ofisi ya gavana iko Kilifi. Mtu wa Kiunga au Faza hana starehe hiyo. Makao ya kaunti yake yako Mokowe, na boti ni nauli.

*Gharama na hatari.* Karatasi, fotokopi, asubuhi moja. Hakuna aliyepigwa virungu kwa kupeleka memoranda.

*Nguvu.* Wanalazimika kukusikiliza, hawalazimiki kukukubalia. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi bungeni. Kinachodharauliwa ni hiki: memoranda iliyopuuzwa ni ushahidi. Aprili 2014 Mahakama Kuu, Jaji George Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayetaka kwenda kortini Oktoba lazima awe na karatasi yenye muhuri ya Agosti.

Memoranda nzuri ni fupi. Taja namba ya ada kwenye jedwali la mswada, kiwango cha sasa, kiwango kinachopendekezwa, kitakavyokuathiri kwa mwezi, na pendekezo lako la kiwango. Wabunge wa kaunti hukwepa hotuba. Kiwango mbadala kinawapa kitu cha kuandika kwenye ripoti. Kaunti ikikataa kukuonyesha ripoti ya vikao au orodha ya waliohudhuria, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kukujibu.

*Sura habarini.* Huna sura. Kikao cha ukumbini hakina moto wala mbio, na mwandishi huja tu akialikwa, na aliyemwalika ni kaunti. Basi habari inayotoka ni ile iliyoandikwa na idara ya mawasiliano ya kaunti, na picha ya ukumbi uliojaa. Wewe uliyekwenda kupinga, ukakaa safu ya tatu ukanywa soda, umekuwa mmoja wa wakazi walioupokea mswada. Orodha uliyosaini mlangoni itatajwa bungeni na, ikibidi, kortini. Kukaa kimya kwenye kikao cha maoni ni kuchangia upande wa pili, nalisema hili wazi kwa sababu naona watu wengi wakifanya hivyo kila mwaka.

Dawa yake ni kugeuza karatasi iwe tukio. Wauza samaki ishirini na tano wakipeleka memoranda yao wakiwa na mizani mikononi, wakapigwa picha mlangoni pa bunge karani akigonga muhuri, mwandishi ana picha yake na nyinyi mna ada yenu kwenye kichwa cha habari. Vipindi vya asubuhi vya redio za Pwani pia hupokea wageni. Mtangazaji anapendelea mtu mwenye karatasi kuliko mwenye hasira, maana karatasi inamlinda naye.

*Inamfaa nani.* Vikundi vilivyosajiliwa, BMU (vikundi vya kusimamia fuo) za wavuvi, sako za bodaboda, kamati za soko, na yeyote ambaye anataka ada ipunguzwe, si ifutwe. Haimfai anayekuja baada ya sheria kupita.

Kesi mahakamani

*Wakati.* Baada ya sheria kupita, au mswada ukiwa na kasoro ya wazi isiyoponyeka. Mahakama hazipendi kuingilia bunge linalojadili.

*Gharama na hatari.* Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu mtu yeyote au chama kufungua kesi ya haki kwa manufaa ya umma, na kinasema ada ya kuifungua isitozwe. Kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokewe. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye maisha kuna wakili, viapo, fotokopi, nauli za kila kutajwa kwa kesi, na kuahirishwa. Kesi ya manufaa ya umma ikishindwa, majaji mara nyingi humwachia kila upande gharama zake, lakini hilo ni hiari ya jaji. Malindi kuna Mahakama Kuu; watu wa Lamu hutegemea zaidi ile ya Garsen.

Gharama kubwa ni miaka. Wakazi na wavuvi wa Lamu walifungua kesi ya bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET, mwaka 2012. Hukumu ilisomwa Malindi mwaka 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600, na malipo yenyewe yakaendelea kuzungushwa. Haikuwa kesi ya kodi, lakini ndiyo inayotupa picha ya urefu wa safari kwa mtu anayeishi kwa anachopata leo.

*Nguvu.* Ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayotoa amri. Agizo la muda linaweza kusimamisha utozaji ndani ya siku chache. Ila amri nayo ina ngazi juu yake. Fuata Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023, kesi iliyoongozwa na Seneta Okiya Omtatah: Juni 30, 2023 Mahakama Kuu ikaisimamisha, Julai 28 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, Julai 31, 2024 Mahakama hiyohiyo ya Rufaa ikaibatilisha sheria nzima, Oktoba 29, 2024 Mahakama ya Juu ikairudishia uhai. Katikati ya hayo, EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ilitangaza bei zenye VAT ya asilimia 16 licha ya agizo la kwanza. Dereva wa matatu aliyeshangilia Juni alilipa Julai.

*Sura habarini.* Safi kuliko zote, na baridi kuliko zote. Mwandishi ana hati ya kesi mkononi, ana hoja za pande mbili zilizoandikwa, na sheria inambana asitukane. Hakuna atakayekuita mhuni. Utaitwa mlalamishi. Lakini picha ni ya wakili mwenye joho kwenye ngazi za mahakama, na jina ni la mtu mmoja, kiasi kwamba wachuuzi mia tatu hugeuka kuwa kesi ya fulani. Siku ya kwanza ni kichwa cha habari, siku ya kutajwa kwa mara ya saba hakuna mtu. Tena agizo la kusimamisha hupata ukurasa wa mbele, la kuliondoa hupata aya mbili ndani, na watu wanabaki wakidhani ada imekufa hadi kanjo, askari wa kaunti, wafike kibandani.

*Inamfaa nani.* Chama chenye subira, kumbukumbu zilizopangwa na wakili asiyedai kila mwezi. Na hoja yenyewe iwe ya kisheria: hapakuwa na maoni ya umma, au kaunti imetoza isichoruhusiwa. "Ada ni kubwa mno" ni hoja ya bungeni.

Kuhusu kuitwa upinzani

Pwani neno hili limepoteza dira. Kilifi inaongozwa na gavana aliyechaguliwa kwa tiketi ya ODM mwaka 2022, chama kilichokuwa upinzani. Julai 2024 Ruto aliwateua vigogo wa ODM katika baraza la mawaziri, akiwemo Hassan Joho wa hapa Pwani, na Machi 2025 Raila akatia sahihi makubaliano na Ruto. Muuza mboga wa Maweni anayepinga ada ya kaunti, yeye ni mpinzani wa nani? Hata hivyo lebo itamfuata, kwa sababu vichwa vya habari vina pande mbili tu na lazima awekwe mmoja.

Mbunge au mtu anayetafuta ugavana akija kwenu na kipaza sauti, pima hivi. Akija kwenye maandamano, atawaletea kamera na atazichukua zote. Jioni nyinyi ni wafuasi wake. Akija kwenye kikao cha maoni, anaweza kuisukuma kamati, na hasara ni ndogo. Akijiunga na kesi, korti haina shida naye, ila mshtakiwa atapata cha kusema redioni. Mimi ningemkaribisha ukumbini, ningemshukuru kortini, na barabarani ningemwomba asimame katikati ya safu kama mtu mwingine yeyote. Wengi hukataa, na kukataa kwao ni jibu.

Habari ikitoka na uongo, kuna Baraza la Vyombo vya Habari na tume yake ya malalamiko. Andika malalamiko, ambatisha video yako. Lakini mpigie kwanza mhariri na uombe nafasi ya kujibu. Kituo kikikubali, sauti yako hutoka mapema, kabla jambo halijasahaulika.

Kulingana na ulipo

Mswada umetoka wiki hii na bado hujausoma: usiite mtu barabarani. Pata nakala kwa karani, tafuta ada inayokuhusu, andikeni memoranda, ipelekeni kwa kundi na picha. Hapo hata mkishindwa mna msingi.

Vikao vimepita, mliandika, na ripoti ya kamati haijawataja, huku kura ikikaribia: hapa maandamano yana nafasi yake. Taarifa ya polisi, njia fupi, wasemaji wawili, kurekodi. Mnaweza kuishia mlangoni pa bunge mkakabidhi nakala ileile ya memoranda yenye muhuri. Mwandishi atalazimika kutaja kwamba ilipuuzwa.

Sheria imepita na hakukuwa na kikao chochote cha maoni wadi yenu: korti, na mfano wa Kiambu mkononi. Mpango wa kiwanda cha makaa ya mawe Lamu ulipoteza leseni mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) Juni 2019, na kasoro ya kuwashirikisha wananchi ilikuwa sababu kubwa. Watu wa Save Lamu na wenzao walikuwa wametumia barabara, kalamu na mahakama kwa pamoja, kwa miaka karibu mitatu. Mkiwa na watu wa kutosha wa kugawana kazi, si lazima mchague moja.

Uko peke yako, una kibanda kimoja na watoto shule: maoni ya maandishi kupitia kamati ya soko. Acha wenye uwezo wa kulala ndani wakalale.

Mko Amu au Pate na usalama ni tete: ombi rasmi bungeni pamoja na redio, kisha kusanyiko fupi la mchana likibidi.

Na kama askari wa kanjo anadai ada ambayo hujawahi kuisikia, huenda huna la kupinga bado. Mwombe risiti, kisha uombe ofisi ya mapato ikuonyeshe ada hiyo kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Isipokuwepo, kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria, na barua moja kwa idara hiyo, nakala kwa mwakilishi wadi wako, itangulie njia zote tatu.